Jibu kwa DPA mpya: si kweli kwamba kila kitu ni juu ya nahodha

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umeajiriwa na kampuni ya meli hapa Mombasa, ukapewa cheo cha DPA, yaani mtu aliyeteuliwa nchi kavu awe kiungo kati ya meli na uongozi, na kwamba mkubwa wako amekutuliza kwa kusema meli ikipata matatizo wa kujibu ni nahodha. Nilifanya kazi melini kama afisa wa deki kwa miaka kumi na minne, kisha nikawa mkaguzi wa ndani wa kampuni nyingine, na kwa niliyoyaona nakuomba usitie saini barua hiyo ya uteuzi kabla hujajua unachokikubali.

Wajibu huo wa DPA unatoka katika sura ya 9 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, iliyoyafanya masharti ya ISM, yaani kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli, kuwa ya lazima kuanzia tarehe 1 Julai 1998 kwa meli za abiria, za mafuta, za kemikali, za gesi na za shehena kichele, yaani mizigo isiyofungashwa kama nafaka au makaa, na kuanzia Julai 2002 kwa meli nyingine za mizigo zenye ujazo wa tani 500 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Anayetajwa humo kabla ya nahodha ni kampuni, na kampuni maana yake ni mwenye meli au yeyote aliyekubali kubeba jukumu la kuiendesha, hata akiwa meneja tu. Ndiyo maana vyeti ni viwili: kimoja hupewa kampuni, kingine hupewa meli, na hiki cha meli hakiwezi kusimama ikiwa kile cha kampuni kimeanguka.

Ili uelewe kwa nini cheo chako kilibuniwa, rudi kwenye feri Herald of Free Enterprise, iliyopinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, ikaua watu 193 kwa sababu iling'oa nanga ikiwa na milango ya mbele wazi. Msaidizi wa serahangi, yaani wa msimamizi wa mabaharia wa deki, aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala, na nahodha aliondoka akiamini mambo yako sawa kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo. Lakini uchunguzi haukuishia melini. Ulibainisha kwamba manahodha walikuwa wameomba taa za kuwaonyesha, pale wanapoongozea meli, kama milango imefungwa, na ofisi ikalijibu ombi hilo kwa kejeli. Kampuni iliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kesi ilivunjika mwaka 1990 kwa kuwa haikuwezekana kumpata kiongozi mmoja wa juu ambaye hatia ingemwangukia yeye binafsi. Sasa soma kifungu cha 4 cha ISM ukikumbuka hayo: DPA lazima awe na njia ya moja kwa moja ya kumfikia kiongozi wa juu kabisa. Kwa maneno mengine, taarifa ikishafika kwako, ni vigumu kwa wakubwa kujitetea kwamba hawakujua.

Nilipokuwa afisa wa tatu katika meli ya shehena kichele, nikitunza vifaa vya kuzimia moto, pampu ya dharura ilikataa kuvuta maji. Niliandika taarifa, nahodha akaituma ofisini, nayo ikarudi imeandikwa kuwa suala limefungwa kwa sababu kipuri kimeagizwa. Baada ya miezi miwili niliandika tena, na majibu yakawa yale yale. Katika bandari iliyofuata mkaguzi alitaka pampu iwashwe mbele yake. Mpira ukatoa maji ya kunawia mikono tu, na meli ikazuiliwa siku tatu. Ofisi ilipiga simu ikimfokea nahodha. Hata hivyo mkaguzi aliomba jalada la taarifa, akaziona zile mbili, akaandika kwamba kasoro iko katika usimamizi wa kampuni pia, wala si katika pampu peke yake.

Simaanishi kwamba nahodha hana lake. Anatakiwa kuutekeleza mfumo wa usalama wa kampuni, kuwahimiza mabaharia wake na kuripoti upungufu, na kampuni inatakiwa kuandika wazi kwamba katika usalama na uchafuzi wa bahari uamuzi wa nahodha ndio wa mwisho. Lakini kampuni inayompa mamlaka hayo kisha inamnyima vipuri na watu waliofundishwa inakiuka masharti hayo hayo.

Wala usidhani makabrasha yatakukinga. Meli ya kubebea magari, Eurasian Dream, iliungua bandarini Sharjah mwezi Julai 1998, baada ya wapakuzi kutia petroli na kuwasha magari kwa betri ya pembeni mahali pamoja. Mahakama ya London iliamua mwaka 2002 kwamba meli haikuwa katika hali ya kufaa kusafiri, na miongoni mwa sababu ni kwamba nahodha hakuwa na uzoefu wa meli za aina hiyo, na kwamba alikuwa amerundikiwa vitabu vingi visivyohusu kazi yake huku akikosa mwongozo wa meli ya magari. Nimekagua ofisi zenye kabati zima la miongozo ya namna hiyo, iliyonakiliwa kutoka meli nyingine hata jina halikubadilishwa.

Kwa hiyo barua yako itaje kwamba unamfikia mkurugenzi mkuu bila kupitia kwa meneja wa uendeshaji, na kwamba unaweza kudai fedha na mafundi pale meli inapohitaji. Ukishaanza kazi, panda kila meli inapofunga gati, umuulize mpishi, si nahodha, DPA ni nani na namba yake ya simu imebandikwa wapi. Mimi ukaguzi wangu nilikuwa nikiuanzia jikoni.