Usifute RAW kwa sababu umeshapata JPEG

Nilipiga harusi moja Tanga, bibi harusi amevaa gauni la lesi nyeupe lililotariziwa maua madogo madogo kuanzia kifuani hadi kwenye mkia wake. Kamera ilikuwa mpya, Canon EOS M50, laptopu ya zamani. Programu yangu ya kuhariri ikakataa kufungua hata picha moja. M50, iliyotoka 2018, ndiyo kamera ya kwanza ya Canon kuhifadhi RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, kwa muundo wa CR3, na programu yangu iliishia kwenye CR2, muundo wa Canon wa kabla yake. Nikatafuta kigeuzi cha bure, nikamimina folda nzima, zikatoka JPEG, picha za kawaida zilizobanwa ziwe nyepesi. Kwenye kioo cha laptopu zilipendeza. Diski imejaa, nikafuta CR3 zote.

Baada ya miezi miwili bibi harusi akataka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nilipoikuza, kifua cha gauni kilikuwa cheupe pee, kama karatasi. Nikapunguza mwanga, weupe ukawa kijivu, lakini ua halikurudi hata moja.

RAW ya kamera ile huandika mwanga kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 kwa kila pikseli. JPEG ina biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi. Kwa hiyo wakati wa kugeuza lazima kuna vitu viachwe, na usipochagua wewe, kigeuzi kinakuchagulia. Juu ya hapo JPEG huikata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho haliyaoni kirahisi. Ukiihariri na kuihifadhi tena, inatupa tena.

Siku hizi, programu ikigoma kufungua RAW, nageuza kwanza kuwa DNG. Muundo huo wa picha ghafi kampuni ya Adobe waliutoa 2004, kigeuzi chao ni cha bure, na programu nyingi za zamani zinausoma. DNG bado ni picha ghafi: mwanga na rangi ya taa za ukumbini unarekebisha vilevile. Kama huna programu ya kulipia, darktable na RawTherapee ni za bure na zinafanya kazi nzuri sana.

Rekebisha kabla ya kutoa JPEG, si baada. Ikuze picha hadi asilimia 100, nenda moja kwa moja kwenye sehemu nyeupe kuliko zote, gauni au kanzu ya bwana harusi, ushushe mwanga mkali mpaka uzi uonekane. Halafu angalia suti nyeusi.

Picha ya kuchapishwa kubwa, au itakayohaririwa tena, naitoa kwa TIFF ya biti 16. Ni muundo wa tangu 1986 na wachapaji wengi wanaujua. Ubaya wake ni uzito: picha ya megapikseli 24 bila kubanwa inafika MB 144. Usigeuze harusi nzima, chagua chache. Zilizobaki zitoke JPEG, ubora 90 kwenda juu, rangi za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa simu na tovuti. Hilo la sRGB usilipuuze. Niliwahi kumpa mteja picha zenye rangi za Adobe RGB, mpangilio wenye wigo mpana zaidi, na kwenye simu yake nyuso za watu zote zilikuwa zimepauka.

RAW zenyewe nahamishia diski mbili za nje, moja inakaa kwa dada yangu. Diski ya pili inauma mfukoni, najua, lakini harusi hairudiwi.

Yule bibi harusi nilimweleza ukweli. Kisha nikakuta kadi ya akiba niliyobadilisha mwishoni mwa sherehe, sijaifuta, ina CR3 kumi na moja. Moja alikuwa amegeuka anatoka mlangoni, mkia wa gauni umetanda sakafuni. Hiyo ndiyo niliyomchapishia, na maua yake unaweza kuyahesabu.