Baridi ya Nyanda za Juu kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Wewe uliyetoka hospitalini hivi karibuni na unayerudi kuishi Njombe, Makete au Mufindi, ambako baridi hukaza kuanzia Juni hadi Agosti, fahamu kwanza kwamba mwili wako haujikingi tena kama zamani. Amri za kutetemeka na za kubana mishipa ya damu ya ngozi hutoka kwenye ubongo zikipita katika uti wa mgongo. Zikikatika njiani, sehemu iliyo chini ya jeraha hupoteza joto bila kukuarifu. Aliyeumia shingoni au juu ya kifua huathirika zaidi, na anaweza kupoa akiwa ndani ya nyumba ambamo wenzake hawaoni shida yoyote.

Kwa hiyo usisubiri kusikia baridi ndipo uvae. Vaa kabla ya jua kuzama, nguo kadhaa nyepesi badala ya sweta moja zito, pamoja na kofia na soksi zisizobana. Blanketi lifunike mapaja, lisikunjwe chini ya makalio, kwa maana mikunjo huleta vidonda vya mgandamizo. Nguo ikilowa mkojo, ibadilishwe mara moja.

Kuhusu jiko la mkaa, ninakusihi unisikilize kwa makini. Desturi ya kuliingiza chumbani ni ya hatari kwa kila mtu, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na harufu, nawe huwezi kuinuka haraka ukatoka. Tena, miguu isiyo na hisia inaweza kuungua huku ukiendelea na mazungumzo. Chupa ya maji ya moto nayo itumike kupasha kitanda tu, kisha iondolewe kabla hujalala. Maji ya kuoga yapimwe kwa sehemu ya mwili yenye hisia au na mtu mwingine. Kila asubuhi na jioni kagua ngozi kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo tafuta pia weusi uliozidi, ugumu au joto lisilo la kawaida.

Wengi hupunguza maji wakati wa baridi ili kupunguza mkojo. Usifanye hivyo, kwani maambukizi ya njia ya mkojo hufuata. Chai na uji vitakusaidia kunywa vya kutosha. Pombe haifai, kwa sababu huongeza upotevu wa joto.

Kuna dalili moja inayowapotosha hata wauguzi wa nyumbani. Ikiwa jeraha lako liko kwenye pingili ya 6 ya kifua, yaani mfupa wa sita wa uti wa mgongo ukihesabu kutoka chini ya shingo, au juu yake, vinyweleo kusisimka pamoja na kichwa kuuma sana na jasho usoni huenda si baridi, bali ni shinikizo la damu lililopanda ghafla, mara nyingi kwa sababu mpira wa mkojo umejikunja au umeziba. Badala ya kukuongezea mablanketi, wakuketishe wima, walegeze nguo, wanyooshe mpira, na dalili zisipotulia upesi wakupeleke hospitalini.

Waeleze pia kwamba usingizi usio wa kawaida, maneno ya kuburuta na kuchanganyikiwa ni dalili za mwili kupoa mno, chini ya nyuzi 35, na huenda wewe mwenyewe usizitambue. Baadhi ya vipimajoto vya nyumbani huanzia hapo hapo kwenye 35, kwa hiyo ulizia dukani kile kinachosoma chini zaidi.