Majibu ya Picha: Pikapu nyeusi, jua kali na pua iliyovimba

SWALI: Shikamoo dada. Napiga picha za harusi na kipaimara hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi huu nimepata kazi kubwa: muuza magari anataka picha za kampeni ya pikapu zake mpya tano, za mabango na za mitandaoni. Nilianza na nyeusi, saa 6 mchana, uani kwake. Amezikataa. Anasema pua ya gari imevimba, ubavuni kumejaa nguzo na mabati ya jirani, na picha zenyewe kwa zenyewe hazifanani. Nina lenzi ya 18–55 tu, ile iliyokuja na kamera. Nimrudishie kazi yake?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usirudishe. Uso wa bibi harusi unapokea mwanga, lakini ubavu wa gari unaurudisha pamoja na kila kilichosimama mbele yake. Kazi yangu ya kwanza ya gari ilikuwa gari dogo jeusi, nami nilikuwa nimevaa kitenge chekundu. Nilipofungua picha nyumbani, kitenge kilikuwa pale kwenye mlango wa nyuma, chini kidogo ya kitasa, picha baada ya picha. Nilirudia kazi yote kwa nauli yangu. Tangu siku hiyo navaa nyeusi, na kabla ya kubonyeza nausoma ubavu wa gari polepole, kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma.

Kwa hiyo ondoka uani. Sisi wa Dodoma tuna kitu ambacho wenzetu wa mijini wanakitafuta kwa shida: uwanda. Toka na barabara ya Bahi hadi upate eneo wazi, uombe ruhusa kwa mwenyewe, uliweke gari ubavu wake ukitazama magharibi. Jua letu huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni kutegemea mwezi. Subiri lizame. Kwa dakika 20 hivi mbingu yote ya magharibi inakuwa taa moja kubwa laini, na utaona mstari mweupe ukitiririka begani mwa gari, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, bila kukatika. Mstari huo ndio unaoonyesha umbo la gari jeusi. Ukikatika mahali, tafuta kinachoukata: kichaka, pikipiki yako, au wewe mwenyewe. Mwanga utakuwa umepungua, kwa hiyo kamera ikae kwenye stendi.

Hiyo pua iliyovimba ni kwa sababu ulisogea karibu mno. Weka lenzi yako kwenye 55, yaani ivute mpaka mwisho, rudi nyuma hatua kumi au zaidi, kisha piga goti mpaka kamera iwe usawa wa taa za mbele. Ukisimama wima unalitazama gari kutoka juu, na pikapu inapoteza kifua chake. Ukiwa pembeni mbele, upande wa kushoto wa gari, mwambie dereva azungushe usukani kidogo kulia, ili uso wa rimu ukugeukie badala ya kukuonyesha meno ya tairi. Tazama pia nembo iliyo katikati ya rimu, isiwe imepinduka. Wenye kampuni huliona hilo kabla ya chochote kingine.

Nunua filta ya polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Unaizungusha taratibu na mng'ao wa kioo cha mbele unapungua mpaka viti vinaonekana. Usiue mng'ao wote, gari litaonekana kama la plastiki. Na kwa vumbi letu, usifute rangi nyeusi kwa kitambaa kikavu, utaichora. Maji kwanza.

Sasa kampeni yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Picha moja nzuri haitoshi. Picha tano zinatakiwa zionekane zimetoka kwenye jicho moja. Andika kwenye daftari: urefu wa kamera, hatua ulizorudi, saa, upande wa mwanga. Pikapu ya pili ipigwe hivyohivyo, hata kama ni kesho yake. Muulize mteja maneno yatakaa wapi, umwachie anga tupu hapo. Bango limelala, simu imesimama, kwa hiyo kila pozi lipige mara mbili.

Na ipe pikapu kazi. Mimi ningepakia kreti za zabibu nyuma, kwenye njia ya shamba, na vumbi la kweli kwenye matairi. Mnunuzi wa hapa anataka kujua kama gari litabeba mavuno yake, na mandhari ya theluji kutoka kwenye kompyuta haitamjibu.

SWALI: Nauza gari langu hapa Singida. Kuna mkwaruzo mlangoni. Niufute kwa programu ya simu?

JIBU: Hapana. Upige peke yake, karibu, kwenye kivuli, ukiweka kidole pembeni ili ukubwa wake ueleweke. Uweke uwe picha ya tatu au ya nne, baada ya zile nzuri. Mtu akitoka Manyoni kwa basi kuja kukagua, awe ameshauona kabla hajakata tiketi. Na pleti ya namba iwe imefunikwa kwenye picha zote.