Msimamizi wangu anasema nadharia ni za kufaulia mtihani tu

SWALI: Shikamoo dada. Mi nasomea tiba kazi, ile ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, niko mwaka wa mwisho na sa hivi niko fildi. Chuoni tumekariri modeli, yaani nadharia za kumwelewa mgonjwa, mpaka basi, sa nimefika wodini nikaandika ripoti yangu kwa kufuata MOHO, ile Modeli ya Shughuli za Binadamu, msimamizi akaisoma akacheka, akasema hayo ni ya mtihani, hapa tunafanya kazi. Karibu anastaafu, ana miaka 30 na kitu kazini, na wagonjwa wake wanatoka wakijivalisha wenyewe, hilo nimeliona kwa macho yangu. Je nimepoteza muda chuoni au yeye ndo kapitwa na wakati?
Mwanafunzi mwenye mawazo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimecheka, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo nikaumia sana, halafu miaka kadhaa baadaye nikajisikia namwambia mwanafunzi wangu maneno yaleyale. Sijivunii.

Mi naona usihangaike na nani yuko sahihi, angalia kwanza huyo mzee alifundishwa na nani. MOHO Gary Kielhofner na wenzake waliichapisha mwaka 1980, na kitu kikichapishwa leo hakiingii darasani kesho, kwa hiyo mtu wa miaka 30 na kitu kazini huenda amefundishwa na watu ambao wao wenyewe walisoma kabla haijakuwepo. Na hao walisomeshwa kidaktari zaidi: misuli, neva, pima kiungo kinakunjika nyuzi ngapi, pima nguvu ya kushika, andika. Mary Reilly, mtaalamu wa fani yetu, alilalamikia hali hiyo kwenye mhadhara wake maarufu wa 1961 huko Marekani, akawakumbusha wenzake kwamba mtu akitumia mikono yake kwa akili na utashi anaweza kuigeuza hali ya afya yake, na Kielhofner alikuwa mwanafunzi wake huyohuyo mama. Sa msimamizi wako pengine modeli alizisikia ukubwani, kwenye semina ya siku mbili yenye slaidi za maboksi na mishale, na nani anapenda kitu alichokutana nacho hivyo?

Na nyie wa sasa msijione mko salama sana. Mnafundishwa modeli kama somo la kujitegemea, mwalimu hana mgonjwa mbele yake, mnafanya mtihani, halafu mnapelekwa fildi (shirikisho la dunia la fani yetu linataka angalau masaa 1,000) kwa watu ambao hayo maneno hawayatumii kabisa. Unajifunza haraka kwamba kuna lugha ya chuo na lugha ya wodi, na ukitaka kupita unaongea ya wodi. Wenzangu wengi wanaosema nadharia haina kazi hawajawahi kuijaribu ikawashinda, ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha ikifanya kazi kwa mgonjwa mmoja wanayemkumbuka kwa sura.

Ila sasa nikuulize, huyo mzee akienda kwa mgonjwa aliyepata kiharusi anaanza na nini? Nabashiri hakimbilii mkono. Anakaa, anauliza kabla hujaugua asubuhi ulikuwa unaanza na kipi, akisikia fundi cherehani anamletea kitambaa ashike na ule mkono dhaifu huku ule mkono mzima unakata. Haya fungua daftari lako, sehemu nne za MOHO: utashi, mazoea, uwezo wa kutenda, mazingira. Kakugusia vyote vinne kwenye mazungumzo ya dakika tano bila kutaja hata kimoja! Cheryl Mattingly na Maureen Fleming, mmoja mwanaanthropolojia mwingine mtaalamu wa fani yetu, waliwafuatilia wataalamu wa Marekani wakiwa kazini na mwaka 1994 wakaandika kwamba sehemu kubwa ya fikra zao, hasa ile ya kuwaza maisha ya mgonjwa yanaelekea wapi, haikuwa inaingia kwenye faili. Kwenye faili waliandika mazoezi.

Lakini usimsujudie pia. Kuna uzoefu na kuna mazoea, na kwa nje vinafanana. Nimefanya kazi na mtu aliyekuwa anampa kila mgonjwa koni zilezile za plastiki azipange azipangue, awe kijana au bibi, nikamuuliza kwa nini akasema ndo tunavyofanyaga. Muulize wako kwa heshima, mkiwa wenyewe: kwa nini kitambaa na sio koni? Akikujibu kwa habari za mgonjwa, mng'ang'anie, huyo ni mwalimu. Akikujibu kwa habari za wodi, chukua unachoweza uendelee. Na ripoti yako iandike kwa maneno anayoyaelewa yeye, hakuna aliyekukataza kufikiri kwa modeli huku unaandika Kiswahili cha kawaida.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 12 kwenye fani. Modeli nyingi naona zinamhesabu mgonjwa kama mtu peke yake, malengo yake, kujitegemea kwake, wakati wagonjwa wangu ukiwauliza malengo wanawatazama ndugu zao kwanza. Ni mimi sikusoma vizuri?
Mkongwe kidogo

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wala, umeshasoma mpaka umefika mahali pa kuzibishia na hiyo ni hatua nyingine kabisa. Wajapani waliona hivyohivyo, ndo Michael Iwama akafanya kazi na wenzake wa huko wakaleta modeli ya Kawa, neno lao la mto, kitabu kikatoka 2006. Maisha ni maji, matatizo ni mawe, tabia na mali za mtu ni magogo yanayoelea, yanaweza kuziba au kusukuma jiwe likatoka, na familia pamoja na mazingira ndo kingo na sakafu ya mto. Kazi yako ni kutafuta nafasi ambako maji bado yanapita na kuipanua. Mpe mgonjwa karatasi auchore mwenyewe, na hao ndugu wakae hapohapo, wakianza kubishana jiwe lipi ni kubwa wewe nyamaza usikilize.