Ukitaka kuanza gemu za zamani za anga, anza na Master of Orion II

Mtu akiniambia anataka kujaribu gemu za zamani za kujenga himaya angani, simpi orodha. Namwambia atafute Master of Orion II, iliyotengenezwa na Simtex na kutolewa na MicroProse mwaka 1996, na nyingine aziweke kando kwanza. Homeworld ya 1999 inapendeza zaidi kwa macho, lakini kule vita vinaendelea huku wewe bado unahangaika na kamera. Hapa mnacheza kwa zamu, kama kwenye bao, na unafikiri hadi uridhike.

Kuipata si kazi. GOG, duka la gemu mtandaoni, wanaiuza pamoja na ile ya kwanza ya 1993, na huja na DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS. Hata kompyuta dhaifu inaiendesha, na ukishaipakua huhitaji bando tena. Kariri vitufe vichache tu: Alt na Enter kujaza skrini, Ctrl na F10 kukiachia kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F12 kuongeza kasi gemu ikikokota.

Sasa utamu wenyewe, yaani utafiti. Mapema kabisa utafika hatua ya ujenzi ambapo gemu inakuwekea vitu vitatu mbele yako: viwanda vinavyojiendesha, kituo cha makombora, na deraya nzito ya meli. Unachukua kimoja. Viwili vinavyobaki vimekupita. Ukivitaka baadaye itabidi ubadilishane na jamii nyingine, utume majasusi wakaibe, au uvipate vitani. Mimi huchukua viwanda, maana koloni isiyozalisha haina hata cha kulinda. Lakini nikiwa na jirani mkorofi, roho hukaa juu kila meli zake zinaposogea mpakani. Na karibu kila hatua ya utafiti iko hivyo. Gemu nyingi za sasa hukuruhusu kukusanya kila kitu mwishowe, na kwangu mimi hapo ndipo zinapopoteza ladha.

Ndiyo maana mgeni namshauri aanze na Psilon, mojawapo ya jamii unazoweza kuziongoza. Wao ni wabunifu, wanapata vyote vitatu. Utazifahamu teknolojia zote kwa raha, kisha hamia kwa Wanadamu, wenye sifa ya diplomasia, uone uchaguzi unavyouma.

Chagua galaksi ndogo, wapinzani wawili, na uzime mashambulizi ya Waantares, maadui wanaovamia makoloni ya kila mtu, hadi uzoee. Vita vya kuamuru meli moja moja viache viwashwe, vina raha yake. Kila baada ya zamu kadhaa fungua orodha ya makoloni uwapange watu kwa mkono: huyu shambani, yule kiwandani, mwingine maabara. Koloni ikikosa chakula na huna meli za mizigo za kukisafirisha, watu wake watakufa njaa hata kama koloni lako jingine lina ziada.

Orion yenyewe, sayari iliyoipa gemu jina, utaiona mapema, na itakutamanisha. Usiiguse. Inalindwa na Guardian, meli moja kubwa yenye nguvu za kutisha, na meli chache za mwanzo haziwezi kumtikisa. Jenga kikosi cha meli kubwa zenye ngao na silaha nzito ndipo uende. Anayemshinda hupata teknolojia ambazo hakuna maabara yoyote kwenye galaksi inayoweza kuzigundua.