Kwa mnaoanza kupaua Dar: upepo unaotangulia mvua

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii tulikuwa Chanika, nyumba ya vyumba vitatu, mwezi wa tatu. Upande mmoja wa paa tulishamaliza. Upande wa pili mabati tisa yalikuwa yamelala juu ya papi (zile mbao za kulala zinazopigiliwa bati), kila moja limeshikwa na misumari miwili tu ya juu, maana tulitaka kwanza tuyanyooshe kwa kamba halafu tupige yote kwa mkupuo baada ya kula. Tukashuka. Ugali haujafika nusu, ukapita upepo wa baridi, ile baridi ambayo ukiipata Dar mwezi wa tatu unaona raha. Mvua hakuna, hata tone. Nikamsikia mama mwenye nyumba anapiga kelele, "Fundi! Mabati!"

Tulipotoka, la kwanza lilikuwa limesimama wima. La pili likafuata. La tatu likang'oka na misumari yake, likaenda kutua kwenye migomba ya jirani, na mgomba mmoja ukakatika kama umepigwa panga. Hakuna aliyeumia. Mabati manne yalipinda na tuliyalipa kwenye ujira wetu.

Kilichonisumbua si hela. Nilitaka kujua ule upepo ulitoka wapi wakati juu yetu jua linawaka.

Jibu liko kwenye wingu. Kuelekea masika hewa ya Dar ni ya moto na imebeba unyevu wa bahari. Hewa ya moto inapanda. Ikifika juu inapoa, na ule mvuke unageuka matone. Hapa ndipo penye siri: mvuke ukigeuka matone unatoa joto, na joto hilo linaisukuma hewa ipande zaidi, ivute nyingine kutoka chini, nayo igeuke matone. Wingu linajipikia lenyewe. Saa tano asubuhi unaliona kama pamba juu ya Pugu, saa nane limekuwa mnara wa kilomita kumi na zaidi kwenda juu, kichwa kimebapa, tumbo limekuwa jeusi.

Matone na barafu vikishakuwa vizito, vinaporomoka vikiburuta hewa. Sehemu ya matone inakauka njiani, na kukauka kunapoza, kama vile jasho linavyokupoza ukipigwa na upepo. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inaanguka kwa kasi. Ikifika ardhini haina pa kwenda isipokuwa pembeni. Chukua ndoo ya maji, imwage kwenye sakafu ya sementi, uone yanavyokimbia pande zote. Hewa ile inafanya hivyohivyo, na inakimbia mbele ya mvua yenyewe. Wingu linaweza kuwa Kisarawe, wewe uko Chanika kwenye jua, upepo wake umeshakufikia.

Basi baridi ya ghafla ukiwa juu ya kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa, ichukulie kama honi ya lori nyuma yako. Wakati huo huna muda wa kupiga misumari, una muda wa kushuka. Kazi ya misumari ilitakiwa iwe imeshafanyika: bati halilali juu ya papi bila kupigwa juu, katikati na chini, na kama huna muda wa kulipiga lote usilipandishe. Yaliyobaki chini yafunge kwa kamba, uyalaze chini ya kitu kizito. Mimi sasa hivi mwezi wa tatu na wa nne napiga mabati asubuhi, mchana nafanya kazi za chini, kuandaa fishabodi (mbao za ukingo wa paa) na mengine. Wenye nyumba wananiona mvivu.

Radi nayo. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja, kwa hiyo ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu, unapata umbali wake kwa kilomita. Hesabu nzuri kwa mtu aliyekaa sebuleni. Wewe umeshika bati mkononi juu ya nyumba: ukisikia ngurumo, shuka, na usirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa tuje kwenye paa lililokwisha. Vijana wengi wanadhani upepo unasukuma paa kwa ubavu, ndiyo maana mtaani unaona watu wamepanga mawe na matairi juu. Sivyo. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya upenu, au kupitia dirisha lililoachwa wazi, unalisukuma kutoka chini. Vyote viwili vinaelekea juu.

TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitoa tahadhari ya upepo utasikia wanataja kilomita 40 kwa saa. Mkandamizo wa kasi hiyo ni karibu kilo 8 kwa kila mita moja ya mraba. Bati la kawaida tunalopiga halifiki kilo 5 kwa mita hiyo. Na kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne: kwenye kilomita 80 unazungumzia kilo 30 na kitu, tena pembeni na kwenye kona za paa inakuwa kubwa zaidi. Jiwe lako la kilo kumi litafanya nini hapo, zaidi ya kwenda kumwangukia mtu?

Kwa hiyo paa linafungwa kwenda chini, hatua kwa hatua, na kila kiungo kina zamu yake. Bati linashikwa na papi, papi inashikwa na kenchi, kenchi na mbao ya ukutani, mbao ya ukutani na mkanda wa zege unaomwagwa juu ya ukuta. Nimeona mapaa yaliyoruka mazima, bati na papi na kenchi bado vimeshikana vizuri kabisa, yamelala barabarani. Fundi alipiga misumari yote sawasawa, ila juu ya ukuta aliilaza tu ile mbao kwenye udongo wa sementi. Kabla mkanda haujamwagwa, nenda mwenyewe site, mwambie fundi wa zege aache vipande vya nondo vimechomoza, ndivyo utakavyokunja juu ya mbao. Ukija siku ya kupaua umechelewa.

Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, mpira ukae, na pembezoni uweke mingi kuliko katikati. Kusi na kaskazi zote Dar zinatokea upande wa bahari, kwa hiyo mimi naanza kupanga mabati upande wa bara nikielekea baharini, ili mdomo wa kila pandio, pale bati moja linapolalia jingine, uupe mgongo upepo. Ule wa wingu la radi hauna adabu hiyo, unatoka popote.

Kuhusu vimbunga nitakuwa mfupi. Vinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 27 hivi, na vinahitaji mzunguko wa dunia uvipindishe, jambo ambalo karibu na Ikweta ni dhaifu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini, ndiyo maana si wageni wa kila mwaka. Ila Lindi ilipigwa Aprili 1952, Jobo ilitukaribia Aprili 2021 ikaishiwa nguvu, na Hidaya ilitua Mafia mwezi Mei 2024, ikaleta mvua iliyokata barabara ya kwenda Lindi pale Somanga. Mteja akikwambia "Dar hakuna kimbunga", usibishane naye, wewe funga kenchi.

Mwisho, maji. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. TMA wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Paa la mita 120 za mraba hapo limepokea lita 6,000, matenki sita ya lita elfu, na mvua ya radi inaweza kuyamwaga mengi ya hayo ndani ya saa moja. Paa la mteremko litayatupa chini. Hizi paa za kuficha wanazozipenda siku hizi, zilizozungushiwa ukuta zisionekane, zinayakusanya ndani ya kuta, zikitegemea bomba moja la inchi tatu ambalo jani moja la mwembe linatosha kuliziba. Weka njia mbili za maji angalau, na tundu la dharura ukutani, chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kumwagikia darini. Mteja akikataa kwa sababu tundu linaharibu sura ya nyumba, mwandikie kwenye karatasi kwamba ulimshauri, atie saini. Nyumbani kwangu ninazo karatasi tatu za namna hiyo, na wateja waliosaini mbili kati ya hizo walishanipigia simu usiku mvua ikinyesha.