Tafuta Upande wa Kukeni

Mwanamke akifika umri ambao watoto wamekwenda zao, hedhi imeanza kukatika na kazi anaifanya kwa mazoea tu, humjia swali ambalo zamani hakuwa na wasaa wa kulisikiliza: mimi ni nani, ukiniondolea kuwa mama wa fulani na mke wa fulani? Hapa Mombasa swali hilo lina majibu mawili yaliyo tayari, nalo la kwanza ni kwenda Umra na la pili ni kufungua biashara ndogo. Yote mawili ni mema na sina la kuyapinga. Lakini kwa yule ambaye ameyafanya yote mawili na bado swali limembakia, ningependa kumweleza njia niliyoishika mimi nilipokaribia miaka hamsini, nayo ni kuwatafuta wanawake walionitangulia, wale wa ukoo wangu na wale wa hadithi za pwani yetu.

Aliyelelewa katika nyumba za Mji wa Kale huijua nasaba yake mapema. Mtoto hufundishwa kumtaja baba, babu na baba wa babu, mpaka afike kwenye mojawapo ya Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, au avuke bahari mpaka Hadhramaut kule Yemen. Nasaba hiyo ya kuumeni nilikuwa naweza kuitaja bila kusita. Ya kukeni ilinikatikia kwa mama wa nyanya yangu, ambaye nilimjua kwa jina na si zaidi. Sikuliona hilo kuwa la ajabu mpaka nilipoanza kusoma maandiko ya watetezi wa haki za wanawake na kujifunza kuuliza, kila nionapo orodha ya majina, ni nani aliyeachwa nje yake na kwa manufaa ya nani.

Ukitaka kuanza, usianze na majina. Ukimuuliza bibi mzee wa huku kwetu mama wa mama yake alikuwa nani, atakwambia, "Alikuwa mtu wa papa hapa," na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Anza na kazi za mikono. Mama yangu mkubwa alikuwa akisuka ukili wa kushonea mikeka uani, miyaa, yale majani ya kusukia, ameilowesha kwenye karai, na kila alipotaka kuongeza mwaa wa pili aliushika kwanza kwa meno huku vidole vikiendelea kukunja. Maswali yangu ya nasaba alikuwa akiyajibu kwa mkato. Siku nilipomuuliza ni nani aliyemfundisha kuanza ukili mpana namna ile, alisimamisha mikono, akaugeuza ukili upande wa chini, akaupapasa. "Huu mkono si wa hapa, mwanangu," alisema. "Ni wa nyanyangu, alikuja nao kutoka Siyu." Hapo ndipo nilipoyasikia yale ambayo sikuwahi kuyasikia: jahazi lililomleta kutoka huko Siyu, kisiwani Pate, ndoa ya kwanza iliyovunjika, na mikeka aliyoishona na kuiuza ili asirudi kwao mikono mitupu. Yote hayo yalikuwa kichwani mwa mtu niliyekuwa nikila naye kila Idi. Kwa hiyo uliza alisuka nini, aliuza nini, alimkanda mzazi gani, alikuwa somo wa nani. Jina litakuja lenyewe.

Jambo la pili ni zito zaidi, na sitaki mtu alikute ghafla. Katika mji huu, anayefuata upande wa kukeni kwa uaminifu hufika mara nyingi kwenye utumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, si zamani sana kwa hesabu ya vizazi, na ng'ambo ya pili kule Kengeleni kengele ya Freretown, mji ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, bado imesimama kando ya barabara. Lakini watumwa wengi wa majumbani hawakwenda Freretown. Walibaki majumbani humo. Kwa mujibu wa sheria ya dini, mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake na kumkubali alizaliwa huru na kuhesabiwa katika ukoo wa baba sawasawa na ndugu zake. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa mtoto, na ndiyo iliyorahisisha kumsahau mama. Mwanamke aliyetekwa bara na kupewa jina jipya alizaa watu wenye nasaba ndefu, naye mwenyewe hakutiwa ndani yake.

Nasema haya kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyoyapokea. Wako wanaoacha utafutaji papo hapo na kurudi kwa mababu wa Hadhramaut, na wako wanaotoka na habari hiyo hadharani kana kwamba wamemshika mtu ugoni. Namna zote mbili zinamwacha yule mwanamke alipokuwa. Mzee aliyeificha habari hiyo maisha yake yote aliificha ili watoto wake wasitukanwe kwenye arusi, na mji ulikuwa unatukana kweli. Msikilize, usimbishie, usimlazimishe kutumia neno asilolitaka. Mimi niliposhuku kwamba mmoja wa kina mama wa mbali kwetu alikuwa suria, nilichofanya ni kuanza kumtaja katika dua pamoja na wenziwe, kwa lile jina tulilobakiwa nalo, na mama yangu mkubwa akasema amina bila ya kuuliza kitu.

Ukoo una mwisho wa kumbukumbu, na ukifika huko hadithi hupokea. Masimulizi ya Mombasa yenyewe yanamweka mwanamke mwanzoni: kabla ya Shehe Mvita, ambaye kwa jina lake mji huu huitwa Mvita, alikuwako malkia Mwana Mkisi aliyetawala Kongowea, mji wa kale wa kisiwani, ambao leo jina lake tunalitaja kila tuendapo sokoni kununua nyanya na vitunguu kule ng'ambo. Wataalamu wa historia hawawezi kututhibitishia kwamba aliishi, nami sihitaji wanithibitishie. Linalonishughulisha ni kwamba watu waliousimulia mwanzo wa mji wao, na waliokuwa na kila sababu ya kuuanza kwa shehe na msikiti, walihiari kumbakisha yule bibi.

Hata Liyongo, shujaa wetu wa mabavu, nilimsoma upya. Tulipokuwa wadogo tulishangilia kutoroka kwake gerezani. Sasa nawatazama waliofanikisha kutoroka huko, yaani mama aliyeoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani, na Saada, kijakazi aliyepeleka ujumbe na kurudi na chakula huku walinzi wakijichagulia kilicho kizuri na kuuacha ule mkate wa wishwa umfikie mfungwa. Mmoja muungwana, mmoja mtumwa, na shujaa katikati yao. Utafiti wa ukoo wangu ulikuwa umekwisha kunifundisha kumtazama Saada.

Tena angalia umri wa hawa ambao pwani haikuwasahau. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama kuwapinga Waingereza huko Kaya Fungo, makao yao matakatifu, mwaka 1913 na kucheza ngoma ya kifudu kijiji kwa kijiji kuwaita watu, alikuwa mjane, mtu mzima. Waingereza walimpeleka Kisii, na mwaka uliofuata alikuwa ametoroka na kurudi kwao kwa miguu. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi karibu na mwaka 1858 akiwa mjane na mgonjwa. Najua wenzangu wengi katika harakati hawampendi Mwana Kupona, kwa kuwa anamwambia binti amtii mume kwa namna ambayo leo inakera, na mimi pia sikubaliani naye hapo. Lakini nikiusoma katika umri huu namwona mwanamke anayejua kwamba hatakuwapo, anayehesabu silaha alizo nazo binti katika mji wa wakati ule na kumkabidhi zote. Si lazima nizichukue silaha zake, ila bidii ile ya kukabidhi ndiyo niliyokuwa nimeikosa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofanya utafutaji huu kuwa wa kutuliza moyo tu. Ukishajua nyanya yako alishona mikeka ili asitegemee mtu, huwezi tena kukaa kimya nyumba ya urithi inapozungumzwa barazani na wanaume peke yao. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa inasema waziwazi kwamba wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe kidogo au mengi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, na Mahakama za Kadhi zipo kusikiliza masuala ya mirathi ya Waislamu. Linalotuzuia mara nyingi ni kuona haya: dada huogopa kuambiwa ana tamaa, huachia fungu lake, na miaka ishirini baadaye huwa mgeni katika nyumba aliyozaliwa.

Kwa hiyo wakati uleule unaporekodi sauti za wazee, ukiwa umewaomba ruhusa kwanza na kuandika tarehe na jina la msemaji, uliza pia hati ya nyumba iko wapi na imeandikwa jina la nani. Wapigie ndugu zako wa kike kabla ya mazishi yanayofuata, kwa sababu matangani si mahali pa kuanza habari hiyo. Na rekodi hizo wape watoto wa kiume pia. Binti zangu walizisikiliza kwa hamu, lakini aliyerudi kuniuliza kule Siyu tulikuwa wa mtaa gani ni mwanangu wa kiume, na sasa tunamtafuta wa kutujibu.